Jicho la Kushoto la Karani

15 Januari

Mdogo wangu Kiroboto,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, na kwamba bweni la mwaka huu lina paa lisilovuja. Sisi huku tunaendelea. Mama yuko kwenye cherehani yake tangu asubuhi, na bado akipita mbele ya chumba chako anaambaa ukuta wa pili, kana kwamba nyoka wako amejifunza kufungua kitasa.

Kuhusu huyo nyoka, ninayo furaha kukuarifu kwamba nimechukua hatua kadhaa za kuboresha malezi yake. Lile sanduku la mbao ulilokuwa ukimfugia nimeliweka uvunguni mwa kitanda. Karani sasa anaishi ndani ya tangi la kioo nililoazima chuoni, chini ya taa ya nguvu yenye stendi yake, katika mazingira yaliyodhibitiwa kitaalamu. Kila siku saa nne asubuhi ninampima uzito na urefu na kuandika.

Sababu nitakueleza bila kificho. Kituo cha Utafiti wa Wanyamapori kimetangaza nafasi ya msaidizi katika idara ya wanyama watambaao. Waombaji ni wengi na wote wana shahada kama yangu, lakini tangazo linasema atakayewasilisha uchunguzi wake mwenyewe atafikiriwa kwanza. Nimekusudia kuwasilisha kumbukumbu kamili ya chatu mmoja akijivua gamba, tangu dalili ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na picha, na gamba lenyewe likiwa limetandazwa zima juu ya ubao mweusi. Sijasikia kwamba kuna mhitimu mwenzangu mwenye chatu nyumbani.

Nikifanikiwa, Karani atakuwa ndiye aliyeniajiri.

Kaka yako akupendaye,
Mhitimu


24 Januari

Kaka Profesa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kuelewa, ya pili kucheka. Wenzangu bwenini walitaka niisome kwa sauti nikakataa, maana wakifika hapo pa "mazingira yaliyodhibitiwa kitaalamu" mtu angeanguka kutoka kitanda cha juu.

Lakini taa ya nguvu ya nini jamani? Karani hapendi mwanga. Jina nilimpa kwa sababu hiyo, anakaa gizani kimya kama karani wa ofisi ya zamani, anakuangalia tu, na shughuli yako haiendi mpaka yeye apende.

Haya, sikufundishi kazi. Kila kitu nimekiandika kwenye lile daftari la kijani nililoliacha juu ya sanduku lake. Umelisoma? Niambie kweli. Wiki nzima niliandika hilo daftari badala ya kusoma kemia, na matokeo ya kemia uliyaona.

Nakuuliza si kwamba sikuamini. Unajua alivyokuja, amejificha katikati ya mbao za fundi seremala wa jirani, mwembamba kama kidole, na fundi kainua nyundo. Nilimbeba kwenye kopo langu la chakula. Na mwaka ule wa msiba wa baba, nilipokuwa siongei na mtu hapo nyumbani, unakumbuka nilikuwa naongea na nani. Nyinyi mlikuwa mnanisikia mkiwa nje ya mlango, Mama aliniambia baadaye.

Kwa hiyo mtunze. Na ukipata hiyo kazi, mshahara wa kwanza ni wa Karani, panya wanono wawili.

Kiroboto


3 Februari

Mdogo wangu,

Kuhusu daftari, ondoa shaka kabisa. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Ni andiko lenye moyo mkubwa, ingawa kama ningekuwa msahihishaji ningesema lina upungufu wa vipimo.

Nina habari njema. Dalili za kujivua gamba zimeanza kujitokeza. Rangi imefifia, tumbo limekuwa la waridi, na macho yamefunikwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele. Amekataa chakula, jambo lililotarajiwa. Ninamtoa kila asubuhi, ninamnyoosha kando ya rula, kisha ninampiga picha chini ya taa kutoka pande nne. Juzi alinitolea mlio wa kunikemea, na hilo pia nimelinukuu.

Usaili ni tarehe ishirini. Kamati ina watu watano, na nimeambiwa wanapenda mwombaji anayetazama watu machoni. Ubao nimekwisha kuukata na kuupaka rangi nyeusi, tabaka mbili. Umekauka vizuri sana.

Usome kemia.

Kaka yako


10 Februari

Kaka,

Kila asubuhi? Akiwa na macho ya maziwa?

Labda kuna sababu ya kisomi nisiyoijua, wewe ndiye uliyevaa joho. Lakini kaka, wakati huo haoni vizuri. Kila kinachomgusa ni mnyama anayekuja kumla. Mimi huwa namwacha hata wiki mbili, namwekea kitambaa kibichi ndani ya sanduku, basi. Hata salamu nampa nikiwa mlangoni. Na hiyo taa zima, tafadhali. Itamkausha.

Nilipofika hapo nikajiambia, mbona namwandikia yaleyale yaliyo kwenye daftari, na yeye kasema amelisoma? Nikaanza kujiuliza. Basi nijibu swali moja, dogo tu, kwa mtu aliyesoma ukurasa kwa ukurasa halimsumbui.

Ukurasa wa nne nilichora nini?

Mitihani ya majaribio inaanza wiki ijayo. Nitakuwa naingia na Karani kichwani, kwa hiyo jibu haraka.

Kiroboto


18 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ya tarehe kumi ilinifikia juzi. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nimekuwa katika maandalizi ya mwisho.

Ninafurahi kukuarifu kwamba zoezi la Karani kujivua gamba limehitimishwa. Zilijitokeza changamoto chache za kiufundi katika eneo la kichwa, ambazo zilishughulikiwa. Gamba limehifadhiwa ubaoni. Nyoka anapumzika. Taa imezimwa, kama ulivyoshauri.

Swali lako kuhusu ukurasa wa nne ni zuri, na nitalijibu nitakapopata nafasi ya kulitafakari kwa kina.

Nakuombea utulivu katika mitihani yako. Huku hakuna jambo la kukutia wasiwasi.

Kaka yako


27 Februari

Kaka,

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Mama kaja amebeba sketi mbili alizonishonea na sabuni za kutosha kufulia shule nzima. Tukakaa kwenye benchi pale karibu na bomba. Kaniuliza mitihani, kaniuliza tumbo, kaniuliza marafiki. Halafu akawa ananyoosha pindo la sketi yangu, pindo ambalo lilikuwa limenyooka.

"Nyoka akiwa haoni," akasema, "chakula anakipataje?"

"Kwa harufu, Mama. Na joto. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Mtu hawezi kuuliza?"

Kaka, kwa miaka minne Mama anamwita "hicho kitu chako". Hata neno nyoka halitamki, anasema ukilitaja kinakuja. Leo kawa nyoka, ana macho, na Mama anawazia atakula nini.

Nilimwuliza moja kwa moja. Akasema, "Kaka yako atakuandikia. Yeye ndiye anayejua maneno."

Sasa nakuandikia mimi. Kemia nimeifanya, imekwisha, siwezi kuiharibu tena, kwa hiyo huna kisingizio. Zilishughulikiwa ni kitu gani? Nani alishughulikia? Eneo la kichwa ni wapi, kaka? Kichwa chake ni kidogo kama kidole gumba, kina mdomo, pua na macho.

Hukuniambia nilichora nini.

Mimi


2 Machi

Kwa mwombaji wa nafasi ya Msaidizi wa Utafiti,

Barua ya kukupa nafasi utaipata kutoka kwa kamati. Wamevutiwa nawe sana. Hii ni yangu binafsi.

Mimi ni mtunza nyoka wa kituo hiki, mwaka wa ishirini na sita huu. Shahada sina. Kwenye usaili sikuwemo, nilikuwa nasafisha vizimba. Ila ubao wako wameutundika kwenye korido, ninapopita na ndoo, kwa hiyo nimeuangalia kuliko wao.

Gamba linalotoka lenyewe hugeuka ndani nje, kama soksi unapoivua kwa haraka. Lako nje liko nje. Nimehesabu maungio nikafika kumi na nane, nikaacha. Kifuniko cha jicho la kulia, kile kigamba chembamba kama kioo kinachotoka pamoja na gamba, hakipo, maana yake kimebaki kwa nyoka. Cha kushoto kipo, lakini kimechanika, na kina kitu kilichoshikamana nacho ambacho si gamba.

Sikuulizi kwa nini. Vijana wengi wamepita hapa, na kwa nini zao zinafanana. Nakuuliza nyoka yuko wapi na anaendeleaje.

Ikiwa yuko hai: mrudishe mahali pa giza, pa unyevu. Jicho la kulia usiliguse hata kidogo. Gamba lijalo litakibeba kile kifuniko cha zamani, ukimpa maji na muda. La kushoto apelekwe kwa daktari wa wanyama leo, si kesho.

Kamati sijawaambia. Nimeona hilo ni lako.

Mtunza nyoka


9 Machi

Kiroboto,

Nimeianza barua hii mara nne. Zile tatu za kwanza zilikuwa na aya ya utangulizi.

Nilikudanganya. Daftari lako sikulisoma. Siku niliyoleta tangi, stendi ya taa ilikuwa inayumba, mguu mmoja mfupi, nikatafuta kitu cha kuweka chini yake. Daftari lako lilikuwa na unene unaofaa. Lilikaa chini ya ule mguu mwezi mzima. Kila nilipokuandikia kwamba nimelipitia, lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti nilichokalia.

Nililitoa tarehe kumi na sita, barua yako ilipofika. Jalada lina alama ya duara iliyozama hadi ukurasa wa sita. Ukurasa wa kwanza umeandika: KAKA, ANZA HAPA, NA USIJIFANYE UNAJUA. Ukurasa wa nne umechora jicho, limejaa ukurasa mzima, na mkono ulioshika kibano, na mkono huo umeukata kwa kalamu nyekundu mara mbili. Chini yake umeandika: "Kifuniko cha jicho kikibaki, kiache. Kitatoka na gamba lijalo. Ukikivuta unavuta na jicho."

Nilikuwa nimekivuta siku tatu kabla.

Gamba lilianza kupasuka mdomoni tarehe kumi na tatu, mchana, likakwama palepale. Taa ilikuwa imemkausha. Likawa linabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, na mimi nikautazama ule ubao, uliokwisha kupakwa rangi, na nikahesabu kwamba usaili umebaki wiki moja. Nikachukua kibano.

Mama alikuja mlangoni. Miaka yote hii hajawahi kukanyaga kile kizingiti, na siku ile alikikanyaga.

"Mbona unamvuta?" akaniuliza.

"Mama, haya nimesomea."

"Mimi kitambaa kikinasa kwenye sindano sikivuti," akasema. "Nazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, mpaka kiachie. Ukivuta, unapata tundu."

Nilimwambia nyoka si kitambaa. Niliisema kwa ile sauti yangu unayoijua. Akaondoka. Hata cherehani haikusikika tena mchana ule.

Chuoni, Kiroboto, nyoka wote niliowashika walikuwa kwenye chupa za dawa. Ukiwavuta, hawana la kufanya. Karani alijikunja akawa mpira, kichwa akakificha ndani kabisa, chini ya mwili wake wote. Hakutoa mlio. Ningefarijika kama angenikemea.

Nikueleze na hili, maana nikiliacha barua hii itakuwa kama zile nyingine. Jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kumtazama yeye, ni kukiweka kile kifuniko juu ya karatasi nyeusi nione kama kimetoka kizima.

Daktari wa wanyama nilimwendea baada ya usaili. Zilikuwa zimepita siku nane. Aliniuliza limetokea lini, nikasema jana. Alilitazama tena jicho, akaandika "jana" kwenye karatasi yake, akanipa dawa ya kudondoshea. Amesema jicho la kushoto lina kovu na halitaona. La kulia ni salama, lina kifuniko cha zamani juu yake, tusubiri gamba lijalo.

Mama alisema tusikuambie mpaka mitihani iishe. Usimlaumu. Mimi ndiye niliyelikubali upesi, kwa sababu lilinifaa.

Walinipa ile nafasi. Leo asubuhi nimeiandikia kamati kwamba ubao wao ni vipande ishirini na kimoja nilivyovilowesha na kuvigundisha, na kwamba nyoka hakujivua, alivuliwa. Sikukuandikia hili ili unipongeze. Kuna mtu kule alikwisha kujua, na sijui kama ningeandika asingekuwepo. Ningependa kukuambia kwamba ningeandika.

Nisamehe.

Kaka


26 Machi

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako, na sikudai. Ninakuandikia kwa sababu ni nyoka wako na una haki ya kujua.

Tangi nimelirudisha chuoni. Karani yuko kwenye sanduku lake la mbao, mahali palepale karibu na ukuta, na kitambaa kibichi kimewekwa kona ya nyuma kama ulivyochora ukurasa wa saba. Amekula mara moja, tarehe ishirini. Alikosea mara tatu akang'ata hewa upande wa kushoto, ya nne akapata. Mama aliniuliza kutoka koridoni kama amepata. Nikamwambia amepata. Akasema, "Haya," akarudi kwenye kazi yake.

Kamati wamejibu. Nafasi imekwenda kwa mwingine, na jina langu limewekwa mahali ambapo sidhani litatolewa. Mtunza nyoka wa kituo, yule aliyekwisha kujua, naye ameandika mstari mmoja: "Jicho la kulia usiliguse." Nimeubandika juu ya sanduku.

Rangi imeanza kufifia tena. Mara hii ninaogopa.

Kaka


3 Aprili

Kaka,

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliisomea chooni, maana ndiko pekee kwenye mlango wenye komeo.

Wiki tatu sikuongea na mtu. Matroni alidhani koo linaniuma, akawa ananipa maji ya chumvi nisukutue, asubuhi na jioni, na mimi nikawa nasukutua tu, ningemwambia nini? Mara ile ya baba nilikuwa na wa kuongea naye.

Sijakusamehe. Usiniulize lini. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba unaandika vizuri sana ukiwa umekosea. Niliisoma ile barua ndefu nikajikuta nakuonea huruma wewe, nikamsahau Karani kwa ukurasa mzima. Nilikasirika mpaka nikaikunja. Baadaye nikaikunjua.

Nakupa kazi moja. Fungua daftari, nenda ukurasa unaofuata pale nilipoishia, andika wewe. Usiniandikie mimi. Hawa wanaishi hata miaka thelathini, na kuna siku atatunzwa na mtu ambaye hanijui mimi wala hakujui wewe. Mwandikie huyo. Atakachohitaji kujua, na kwa nini yuko hivyo. Hapana "changamoto", hapana "zoezi", hapana "zilishughulikiwa". Andika maneno ambayo Mama akisomewa hatauliza maana yake.

Likizo inaanza tarehe kumi na nane. Nikifika nitaingia chumbani kwangu kwanza, nitasoma huo ukurasa. Kabla ya hapo usiniambie kitu, hata pole ya safari.

Na ikiwa atajivua kabla sijafika, kaka, usivute.

Kiroboto


Daftari la kijani, ukurasa wa kumi na tisa
15 Aprili

Wewe utakayemtunza Karani,

Ni chatu dume, ana miaka minne. Anapenda giza, na anapenda kuachwa.

Mwenye nyoka amekwisha kukuandikia karibu yote kwenye kurasa za mbele. Zisome. Hata kama umesoma shule nyingi, zisome kwanza, kabla hujamgusa. Duara utakaloliona kwenye jalada ni la mguu wa taa. Niliweka taa juu ya daftari hili badala ya kulifungua, na yaliyompata yalianzia hapo.

Macho yakiwa meupe, mwache. Weka kitambaa kibichi, funga mlango. Mwezi huu yalikuwa meupe tangu tarehe mosi hadi ya saba, kisha yakawa safi, na tarehe kumi na moja mchana akaanza kujisugua mdomo kwenye mbao. Gamba lilipasuka vizuri, likafika shingoni likakwama. Tazama mikono yako hapo. Yangu ilitaka kwenda, nikaikalia.

Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yasizidi kina cha mwili wake, uyapime kwa kifundo cha mkono kama unamwogesha mtoto. Nusu saa. Kisha taulo iliyoloweshwa, uikunje iwe kama njia, umwache apite katikati mwenyewe. Wewe shika taulo tu, usimshike yeye. Inahitaji watu wawili. Mama yetu, ambaye ni fundi cherehani na humwogopa sana, alishika upande wa pili akiwa amefumba macho, na alikuwa ananiuliza, "Amefika wapi? Amefika wapi?" Mimi nikawa namwambia. Alipita mara kumi na moja. Tulianza saa nane, akamaliza jua likielekea kuzama.

Gamba lilitoka zima, limegeuka ndani nje kama soksi. Kifuniko cha zamani cha jicho la kulia kilikuwa ndani yake, kimekaa juu ya kile kipya. Mama alifumbua macho, akakitazama, akasema kama kifungo cha shati. Gamba liko kwenye bahasha ndani ya droo. Ni la mwenye nyoka. Sikulipiga picha.

Jicho la kulia linaona.

La kushoto halioni na halitaona. Hakuzaliwa hivyo, na si ugonjwa. Mimi ninayeandika hapa nililivuta kwa kibano, mchana, nikiwa na akili zangu zote, mama akiniambia niache. Nilitaka nionekane najua. Halafu nilidanganya watu saba kuhusu jambo hilo, na wa kwanza alikuwa mwenye nyoka.

Kwa hiyo ukimwendea, pita upande wa kulia, akuone. Ukisahau ukamgusa kushoto atashtuka, atajikunja, kichwa atakificha ndani. Usimkunjue. Usimwite. Kaa chini hapo pembeni, hata kama una shughuli, mpaka atakapokitoa mwenyewe.

Kaka wa mwenye nyoka